Saa ya Mama na Ng'ombe Aliyekataa Kushika

Watu wakiniuliza ni programu gani niliyowahi kuandika ikanifanya nitembee kifua mbele, hutarajia nitaje mfumo wa hospitali au ule wa mishahara. Mimi huwaambia ni ile ya ng'ombe. Wakicheka nawaacha wacheke, kisha nawauliza kama kuna mstari wowote waliowahi kuandika uliomtoa mnyama mikononi mwa mchinjaji. Hapo hubadilisha mazungumzo, nami huagiza chai nyingine.

Ilikuwa mwishoni mwa ile miaka ya elfu mbili, kabla simu za kugusa kioo hazijatufikia. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja mjini Kitale, juu ya duka la dawa za mifugo. Harufu ya dawa ya kupe ilipanda ngazi bila kubisha hodi, ikalala nami, ikaenda nami hata kanisani. Chumbani nilikuwa na kompyuta nzito iliyopumua kwa sauti, kiti kimoja, na rundo la simu za kubonyeza nilizozitumia kwa majaribio. Wageni walidhani ninatengeneza simu, wakaniletea zao zilizoanguka majini. Nilikuwa nikiwaeleza kwa upole mara ya kwanza. Mara ya pili sikuwa mpole.

Chama cha wafugaji wa maziwa upande wa Kiminini kilikuwa kimenipa kazi ya majaribio. Shida yao ilikuwa moja. Ng'ombe akiwa kwenye joto, ana muda mfupi tu wa kupandishwa, na daktari wa kupandisha alikuwa mmoja, na pikipiki moja, na mtungi mmoja wa mbegu zilizogandishwa, kuanzia Kiminini hadi Kamukuywa. Wafugaji walimpigia simu wote kwa pamoja, au hawakumpata kabisa. Kwa hiyo niliandika programu ndogo ya simu. Mfugaji akiona ng'ombe wake yuko kwenye joto anabonyeza, taarifa inaruka hadi kwenye seva, na seva inampelekea daktari ujumbe wa kumwambia aende kwa nani na lini. Kanuni yenyewe kila mfugaji wa kwetu anaijua: ukimwona asubuhi mpandishe jioni, ukimwona jioni mpandishe kesho asubuhi. Baada ya wiki tatu simu inamkumbusha mwenye ng'ombe aangalie kama joto limerudi. Lisiporudi, ameshika mimba.

Upande wa seva ulikuwa wa mwenzangu tuliyesoma naye chuo. Yeye alikuwa Nairobi, na seva yenyewe tuliikodi ng'ambo, nchi ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuikanyaga. Alikuwa kijana hodari, na alijua kwamba ni hodari. Tulielewana vizuri kwa sababu na mimi nilikuwa hivyo hivyo.

Nilipotafuta watu wa kuijaribu, wa kwanza alikuwa mama yangu. Mama aliishi Kamukuywa, mjane, mwenye poshomili, mashine ya kusaga mahindi, karibu na soko, na mwanamke ambaye hajawahi kumwogopa mtu aliyevaa tai. Alikuwa na ng'ombe mmoja wa gredi, chotara wa maziwa, mweusi mwenye baka jeupe pajani. Lazima nieleze kuhusu huyo ng'ombe. Baba alipofariki nilikuwa bado sekondari, na aliyenifikisha chuo alikuwa mama yake ng'ombe huyo. Maziwa yake yalinunua vitabu, yakalipa karo, yakanunua hata viatu nilivyovaa siku ya kwanza chuoni. Alipozeeka akatuachia binti mmoja, na binti huyo ndiye aliyekuwa na baka jeupe. Kwetu hakuwa ng'ombe tu. Nasema hivyo bila aibu.

Mama alifurahia programu kupita kiasi. Kila aliyeleta gorogoro la mahindi alionyeshwa simu. "Mtoto wangu ameandika hii," alisema, kana kwamba nimeandika Biblia. Ng'ombe alipoingia kwenye joto mara ya kwanza, mama alibonyeza asubuhi baada ya kumpa majani, akamfunga ng'ombe kwenye mbao za kupandishia, akaenda zake kufungua poshomili. Jioni alinipigia simu akicheka.

"Hiyo kitu yako iko mbio! Ati hata uji haujapoa, daktari alikuwa amefika, akamaliza, akaenda. Jirani ndiye aliona."

Nilijisikia mkubwa mno. Nilimsimulia mwenzangu wa Nairobi, naye akajisikia mkubwa pia. Hakuna kati yetu aliyejiuliza kwa nini daktari afike asubuhi ile ile.

Wiki tatu zikapita, joto likarudi. Mama akabonyeza tena asubuhi, daktari akafika tena uji ukiwa moto. Wiki tatu nyingine, joto likarudi tena. Wakati huo ng'ombe za Kiminini, zilizokuwa kwenye programu hiyo hiyo, zilikuwa zinashika moja baada ya nyingine. Mama alinipigia simu na safari hii hakucheka.

"Daktari anasema labda iko na shida ndani. Nimeongea na broka wa ng'ombe za kuchinja. Nitapandisha mara moja tu tena. Ikikataa, aende nayo."

"Mama, huwezi kumuuza huyo."

"Itakula majani yangu mpaka lini? Mimi nampenda kuliko wewe. Lakini ng'ombe tasa ni nyama, mtoto wangu, si ng'ombe."

Nilikaa kwenye kile kiti kimoja. Nilihisi kuna kitu, na sikuwa tayari kumlaumu mnyama kabla sijamaliza kujilaumu mwenyewe. Nikafungua kumbukumbu za seva nikatafuta za mama. Zilikuwepo zote, na kila moja ilikuwa na tarehe ya siku iliyotangulia, saa tano usiku.

Saa tano usiku! Mama yangu hulala akishaosha sufuria ya mwisho. Saa tano usiku hata ukimwagia maji haamki. Lakini seva ilikuwa imemwandika yuko zizini na tochi, akichunguza ng'ombe. Na daktari, maskini, alikuwa anatii kanuni. Aliambiwa ng'ombe ameonekana jana usiku, akakimbia kumpandisha asubuhi, wakati joto ndio kwanza linaanza. Mbegu zilikufa kabla ya kuhitajika. Kila mtu alikuwa amefanya kazi yake sawasawa, na ng'ombe alikuwa anaelekea buchani.

Nikaangalia za Kiminini. Zote zilikuwa sawa, asubuhi ni asubuhi na jioni ni jioni. Ni mama peke yake. Nikafunga mlango, nikaenda Kamukuywa siku hiyo hiyo.

Nilimkuta poshomilini, unga umejaa kwenye nyusi, akinamama wanne wamepanga foleni na ndoo zao. Nikachukua simu yake. Jua lilikuwa karibu kufika utosini, na saa ya simu ilikuwa inaonyesha tano na ishirini.

"Mama, nani ameharibu saa ya simu yako?"

"Nani aharibu? Si ni saa tano na dakika ishirini?"

"Simu inadhani ni alfajiri."

"Inadhani? Na jua hilo inadhani ni la nani?" Akinamama wakaanza kucheka. Mama akapunguza injini kidogo ili wasikose neno. "Hebu yako inasema ngapi?"

"Kumi na moja na ishirini."

"Na mtu akikuuliza utamwambia ni saa ngapi?"

"Saa tano na ishirini."

"Sasa kwa nini unabeba saa ambayo lazima uisahihishe kila ukiulizwa?"

Foleni nzima ilikufa kwa kicheko. Nilikasirika, kwanza kwa sababu nilichekwa, na pili kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Nilikuwa nimelijua jambo hilo tangu utotoni, na kwa kulijua sana nikawa silioni tena. Saa ya mkononi ya mama, aliyopewa na baba, mishale yake ilisimama pale mdomo unaposema. Jua likichomoza ni kumi na mbili. Chai ya shuleni ni nne. Hakuwa peke yake. Wazee wengi wa kwetu waliweka saa zao hivyo, na aliponunua simu aliipanga kama saa ya baba, kwa sababu hakuona sababu ya kuwa na saa mbili zinazogombana. Vijana wa Kiminini waliweka zao kama redio inavyosoma habari ya Kiingereza, kwa hiyo hawakupatwa na lolote.

Na programu yangu ilifanya nini? Nilikuwa nimefuata njia ambayo kila kitabu kilifundisha. Mtu akibonyeza, simu inachukua wakati wake, inaupunguza masaa matatu tuliyowatangulia London ili ulingane na saa ya pamoja inayotumika dunia nzima, halafu inaupeleka ng'ambo. Mama alibonyeza asubuhi, simu yake ikiwa inasoma mbili, yaani saa nane usiku kwa hesabu ya programu. Mbili ukitoa tatu unarudi nyuma ya usiku wa manane, unaangukia jana. Hivyo tu. Masaa matatu ya hesabu ambayo hakuna aliyeyaomba yalikuwa yanamfuta ng'ombe wetu duniani.

Nilimwomba mama abadilishe saa. Alipangusa unga kwenye nyusi.

"Ati nibadilishe saa ya baba yako kwa sababu ya simu?"

Sikurudia ombi hilo.

Nikampigia mwenzangu wa Nairobi nikiwa nimesimama nyuma ya poshomili, kidole sikioni kwa ajili ya kelele. Nilimweleza yote. Alicheka sana, halafu akasema jambo ni rahisi.

"Mwambie mathe aweke saa vizuri, bana. Ama nitarudisha masaa matatu huku kwa seva. Imeisha."

"Ukirudisha, itasoma saa nane usiku. Mama yangu anafanya nini zizini saa nane usiku? Daktari bado atakuja asubuhi."

"Basi aweke saa vizuri! Huwezi kujengea mtu mmoja mfumo wake. Dunia yote inaweka wakati hivi."

"Dunia yote haina ng'ombe wa mama yangu."

"Hiyo si hoja."

"Hiyo ndiyo hoja yenyewe!" nikapiga kelele, na nadhani hata waliokuwa sokoni walinisikia. Nikakata simu. Nina hasira za karibu, sikatai, lakini safari hiyo zilinisaidia, kwa sababu nilirudi Kitale nikiwa na moto wa kutosha kuandika kila kitu upya.

Nilianza na swali ambalo nilipaswa kuulizwa na mtu aliyenipa kazi: daktari anahitaji kujua nini hasa? Hakuhitaji ile nukta kamili ya wakati ambapo kidole kiligusa kitufe. Nukta hiyo ni nzuri kwa benki. Daktari alihitaji kujua siku gani, na kama ni asubuhi au jioni. Siku ya namna hiyo haina nchi. Ishirini na tano Desemba ni ishirini na tano Desemba kwa Mzungu na kwa mtu wa Kamukuywa, na hakuna anayemtaka mwenzake atoe masaa kwanza ndipo ale kuku. Sasa kwa nini siku ya ng'ombe niipeleke ng'ambo ikabadilishwe halafu irudishwe?

Nikatupa hesabu yote ya wakati. Badala yake simu ilichukua siku kama inavyoonekana kwenye kalenda yake, mwaka, mwezi na tarehe, ikaiandika kwa tarakimu wazi kama mtu anavyoandika ubaoni, na pembeni neno moja alilochagua mfugaji mwenyewe: asubuhi, au jioni. Seva iliambiwa ipokee ilivyo, ihifadhi ilivyo, imsomee daktari ilivyo. Wiki tatu nilizihesabu kwa siku za kalenda, moja moja, kama anavyohesabu mtu kwa vidole. Na kwa kuwa simu nyingi zilisahau tarehe zikitolewa betri, niliongeza swali moja mwanzoni: "Leo ni Jumanne?" Mtu anaweza asijue tarehe, lakini hakuna mfugaji asiyejua siku ya soko. Akijibu hapana, simu inamwomba achague, na kumbukumbu haiendi popote mpaka siku ikubaliwe.

Ilipokamilika niliijaribu kwenye zile simu zangu zote. Moja niliipanga kama ya mama, nyingine niliiambia iko London, nyingine niliiambia iko mahali ambapo sikuweza hata kutamka jina lake. Nikabonyeza zote. Zote zikasema siku moja, asubuhi. Nilisimama katikati ya chumba nikapiga makofi peke yangu, na mwenye duka la chini akauliza kwa sauti kama niko salama.

Mwenzangu alinipigia baada ya kuona nilichofanya. Nilijiandaa kwa vita. Akasema, "Hii ni kidogo sana. Hakuna mahali pa kukosea." Kutoka kwake, hiyo ilikuwa kama kuvishwa nishani.

Joto la nne likaja. Mama akabonyeza asubuhi, akaenda poshomili kama kawaida. Daktari alifika jioni. Tukaanza kusubiri.

Siku ya kuangalia ilipofika nilikuwa Kamukuywa tayari. Sikuweza kukaa Kitale. Broka naye alifika mapema, mtu mrefu mwenye kofia ya klabu ya mpira na kamba begani, akaketi kwenye jiwe karibu na zizi kama mgeni wa harusi aliyekuja kabla chakula hakijaiva.

"Mama, toa hiyo ng'ombe tuende," alisema. "Hii tayari ni ya kuchinja. Mimi naona kwa macho."

"Ngoja jioni," mama akamjibu.

Mama hakufungua poshomili siku hiyo. Hilo peke yake lilinitisha, kwa sababu hata wiki ya matanga ya baba aliifungua. Tulikaa tukimwangalia ng'ombe. Kila alipoinua kichwa, niliitazama kamba ya broka. Akilia tu kama ng'ombe mwenye joto, nilijua, kamba ile itaingia shingoni mwake, na nitabaki nikijua ni masaa yangu matatu yaliyomfunga. Adhuhuri alisimama, akazunguka zizi, nikashika mkono wa mama bila kutaka. Akanywa maji. Akalala tena, akaanza kucheua, macho nusu yamefumbwa, kama mama mkwe aliyeshiba.

Jua likaenda chini. Simu ikalia mlio ule niliouchagua mwenyewe, na swali likatokea kwenye kioo: joto limerudi? Mama akavaa miwani. Akamwangalia ng'ombe mara ya mwisho, akabonyeza hapana, kwa kidole gumba, kwa nguvu ambayo simu haikuihitaji. Halafu akampa broka simu asome.

"Mimi nanunua ng'ombe," broka akasema. "Sinunui simu."

"Basi leo hakuna ya kununua. Chukua kamba yako. Na chai unywe kwanza, hatufukuzi mtu na njaa."

Alikunywa chai yetu akaenda. Baadaye daktari alikuja akathibitisha kwa mkono wake kwamba ng'ombe ameshika, na mama akahakikisha foleni nzima ya poshomili imesikia. Chama cha Kiminini kikaichukua programu, na siku ya mkutano mwenzangu alikuja kutoka Nairobi akaeleza jinsi "sisi" tulivyoamua kuacha masaa na kushika siku. Nilimwachia hiyo "sisi". Nilikuwa na furaha nyingi, ya kugawa.

Ng'ombe alizaa wakati nikiwa Kitale. Mama alinipigia asubuhi, injini ya poshomili ikinguruma nyuma yake.

"Imezaa! Jike. Iko na baka kama mama yake. Sasa niko kwa simu hapa naandika. Niweke saa ngapi?"

"Haiulizi saa, mama. Inauliza siku tu."

"Saa ya nani itatumia?"

"Hakuna. Utakavyosema wewe, ndivyo itakavyoandika."

Nikasikia injini ikipungua, kisha ikazimwa kabisa, jambo ambalo halifanyi wateja wakiwa kwenye foleni. Mama yangu si mtu wa kusifu. Niliporudi nyumbani na shahada alisema nimekonda.

"Ile ng'ombe iliyokusomesha," akasema polepole, "leo umeiletea mjukuu."

Nilisikia akiwasha injini tena, na sauti yake ikipanda juu ya kelele, akimwambia mtu asogeze ndoo.